Robine inayovuja inakula likelemba

Juma lililopita tuliacha kasiksi ya kuuza ndani ya ndoo ya robine. Asubuhi tulikuta sakafu imelowa na inzi wamejaa. Pesa hiyo ilikuwa ya mama mwenye zamu ya likelemba, alipe minerval ya mtoto.

Tusikimbilie kununua robine mpya. Tuangalie kwanza inavujia wapi. Ikiwa ni pale inapoingia kwenye ndoo, tukaze ekru kwa mkono tu, plastiki isipasuke. Mpira wake ukichakaa, tuubadilishe. Ikidondoka mdomoni, mara nyingi ni machicha ya ndizi yaliyokauka ndani. Tuifungue, tuiloweke katika maji ya vuguvugu, tuisugue kwa brosi ndogo, tuisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya ziwa hivihivi yanaweza kuleta kipindupindu. Gundi tusipake, itaingia kwenye kinywaji.

Kabla ya kumimina kasiksi, tuijaribu kwa maji saa nzima. Kifuniko tusikikaze sana, kwani kasiksi ingali inachacha na hewa yake inasukuma robine.

Yule mama tulimchangia. Ndoo sasa haidondoki.