Mafuta yakinyonywa leo, umbo halionekani kesho



Ndugu wasomaji, kila msimu wa harusi ukikaribia hutujia swali lile lile, mara nyingi kwa siri na kupitia mtu wa tatu: je, upasuaji wa kunyonya mafuta ukifanywa wiki hii, tumbo litakuwa limeisha siku ya harusi? Jibu letu ni hapana. Na wanaouza huduma hii kwa picha mbili, ya kabla na ya baada, tunaona wanawadhulumu watu kwa kuficha kilichopo katikati.

Kilichopo katikati ni hiki. Daktari hutia majimaji yenye dawa ya ganzi chini ya ngozi, kisha huingiza mrija mwembamba kupitia matundu madogo na kuyavuta mafuta. Siku za mwanzo matundu huvuja maji yenye damu, hata shuka hulowa, na wengi hushtuka wakidhani wameharibiwa. Ngozi huvilia damu na mwili huvimba. Wapo wanaopanda mizani wiki ya kwanza wakakuta uzito umeongezeka, kumbe ni maji. Michubuko huondoka baada ya wiki mbili hivi, lakini uvimbe hupungua pole pole, na umbo lenyewe huonekana baada ya miezi mitatu, wengine sita. Muda huo ngozi hubaki na ganzi na vigumu vigumu chini yake. Nguo ya kubana huvaliwa wiki kadhaa, mchana na usiku, na kwa joto letu hili si jambo dogo.

Kazi ya kukaa mezani mtu huweza kuirudia baada ya siku chache au wiki moja. Kubeba ndoo, kunyanyua mtoto na kufua kwa kuinama husubiri, mara nyingi wiki nne hadi sita. Sasa nani atabeba ndoo hiyo? Wapo akina baba wanaomsema mke kila siku kuhusu tumbo la uzazi, na akishafanyiwa upasuaji wanataka chakula mezani siku ya tatu. Aliyetoa fedha na atoe na mikono yake.

Swala nayo ifikiriwe mapema. Kurukuu na kusujudu kutauma, na asiyeweza huswali ameketi kwa kadiri ya uwezo wake. Josho lenye majeraha yaliyofungwa lina hukumu zake. Sheikh aulizwe kabla ya kwenda hospitali, si baada. Na kupanga upasuaji wiki moja kabla ya Ramadhani, wakati mwili unahitaji maji na chakula ili upone, ni kujitia taabuni bure. Ama uhalali wenyewe, wanazuoni hutenganisha kutibu madhara na kubadilisha umbile kwa ajili ya urembo tu. Hilo tunawaachia wao.

Jambo tunalolisisitiza zaidi ni kwamba huu si upasuaji wa kutibu unene. Unamfaa mtu mwenye uzito wa kawaida au unaokaribia huo, mwenye sehemu iliyokataa kupungua kwa mazoezi. Mrija hufika kwenye mafuta ya chini ya ngozi tu. Yale yanayozunguka utumbo na ini, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa, hayaguswi. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 15 wanene walionyonywa takribani kilo 10 za mafuta kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12, presha yao, mafuta ya kwenye damu na namna mwili unavyoitumia sukari havikuwa vimebadilika. Ngozi iliyolegea nayo haikazwi na mrija, bali huweza kulegea zaidi. Na akila kama zamani, mafuta hurudi, wakati mwingine mahali pengine kabisa.

Hatari zipo. Mjini Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki siku chache baada ya upasuaji huu katika kliniki binafsi, na baraza linalosimamia madaktari Kenya likaifunga kliniki hiyo. Mrija unaweza kutoboa utumbo. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Pumzi ikibana, mguu mmoja ukivimba, homa ikipanda au maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, ni hospitali saa ile ile, si kupiga simu kwa shoga aliyefanyiwa mwaka jana. Na daktari aulizwe atatoa kiasi gani: madaktari bingwa wa Marekani huhesabu zaidi ya lita 5 kuwa kiasi kikubwa, na mgonjwa huangaliwa hospitalini usiku huo.

Wasomaji wetu wengi huvuka mpaka kufuata huduma hii. Wakumbuke kwamba kukaa kwenye basi usiku kucha huku miguu imekunjwa ndiko kunakogandisha damu, ilhali mgonjwa huyu anatakiwa kutembea kidogo kidogo tangu mapema. Nauli ya upasuaji huu basi ni pamoja na malazi ya siku kadhaa karibu na hospitali, ndugu wa kumhudumia, na jina la daktari wa nyumbani atakayekubali kumwangalia akirudi. Kliniki ikisema utapanda basi kesho yake, tafuta nyingine.