Takhmisi ya Kisiwa: Utetezi wa Malimwengu ya Mashabiki wa Myst

Kuna aina ya mhakiki ambaye, akiisha kutamka neno "mwigo", huona kwamba kazi yake imekwisha. Neno hilo ndilo analotupiwa mpenzi wa mchezo wa kompyuta anayetumia miezi mingi, bila malipo, kujenga ulimwengu mdogo unaotembeleka kwa kufuata mchezo uliomvutia. Hudaiwa kwamba kazi ya namna hiyo si fasihi kwa kuwa haina maneno. Tena kwamba, hata kama ingekuwa fasihi, isingestahili kuhakikiwa kwa kuwa imezaliwa na kazi ya mtu mwingine. Dai la kwanza lina uzito wa kiasi fulani na litarejelewa. Dai la pili halina uzito wowote, na ni ajabu kulisikia katika idara zinazofundisha ushairi wa Kiswahili.

Myst ni mfano unaofaa. Mchezo huu ulitolewa Septemba 1993 na kampuni ya Cyan ya Marekani, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller. Uliundwa kwa picha zipatazo 2,500 zilizofungamanishwa kwa programu ya HyperCard. Mchezaji hapigani, hafi, wala hajumlishiwi alama. Ameachwa peke yake katika kisiwa chenye maktaba ambayo vitabu vyake vingi vimeteketezwa, na kutokana na mabaki hayo anatakiwa kubaini nani aliviteketeza na kwa nini. Kitabu katika hadithi hii hakisimulii ulimwengu tu, bali huufungua: mtu akigusa picha iliyo ukurasani, hujikuta amekwisha fika. Ni vigumu kufikiria mchezo ulio karibu zaidi na shughuli za mhakiki wa fasihi.

Je, kisiwa hicho ni kazi asilia? Jina lenyewe la Myst limetokana na L'Île mystérieuse, riwaya ya Jules Verne iliyotoka kati ya 1874 na 1875. Verne naye alikuwa na Robinson Crusoe wa Defoe (1719) mbele yake, na isitoshe alimrudisha Kapteni Nemo kutoka katika riwaya yake mwenyewe ya awali. Utanzu mzima wa michezo ya safari na mafumbo una asili ya namna hiyo hiyo. Mnamo 1976 Will Crowther alitunga Adventure, mchezo wa maandishi matupu uliofuata sehemu ya mapango ya Mammoth, Kentucky, ambayo alikuwa ameyatembea kwa miguu yake. Mwaka uliofuata Don Woods, aliyekuwa Stanford, aliikuta programu hiyo katika kompyuta, akamwomba Crowther ridhaa, akaipanua kwa viumbe na hazina zisizokuwamo. Toleo lililoenea na kuupa utanzu jina lake ni hilo lililopanuliwa. Anayemdharau shabiki kwa kuongeza juu ya kazi ya mwenzake hana budi kumdharau Woods pia, na akifika hapo utanzu wenyewe utakuwa umemponyoka mkononi.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kwenda Kentucky kuliona jambo hili. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizitwaa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, akaitangulizia kila mishororo miwili mishororo yake mitatu yenye kina kinachoafikiana na cha mwenyewe. Tungo hiyo huitwa Takhmisi ya Liyongo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Sayyid Abdallah ni mwizi. Hukumu juu ya takhmisi haiulizi kama imetokana na nyingine. Hilo lishajulikana kwa jina lake. Huuliza kama mishororo mitatu mipya imestahili kusimama mbele ya ile miwili ya kale, kama imeiandalia njia au imeiziba.

Swali hilo hilo ndilo la kuwauliza mashabiki wa Myst, na historia yao inalidai. Mwaka wa 2003 Cyan ilitoa Uru: Ages Beyond Myst, ambamo wachezaji wengi wangeweza kukutana mahali pamoja kupitia intaneti. Sehemu hiyo ya pamoja ilifutwa Februari 2004. Mashabiki wakaendesha seva zao wenyewe kwa idhini ya kampuni. Mchezo ulifufuliwa 2007, ukafungwa tena 2008, ukarudi bila malipo 2010, na mnamo 2011 programu yake ikawekwa wazi kwa umma. Katika vipindi hivyo wapenzi wa Uru walijifunza kujenga malimwengu yao kwa Blender, programu ya bure ya kuchorea maumbo, na baadhi ya malimwengu hayo baadaye yaliingizwa katika mchezo rasmi. Wasomaji, basi, walilinda matini wakati mchapishaji alipoyafunga, kisha wakayaongezea sura.

Kazi hiyo si nyepesi kama wanavyodhani wasioijaribu. Ukuta uliochorwa haumzuii mtu mpaka mjenzi auamuru kumzuia. Asipouamuru, mgeni hupita katikati ya jiwe kama moshi. Chini ya ardhi hana budi kutandika eneo lisiloonekana, ili anayeanguka arudishwe Relto, kisiwa kidogo ambacho kila mchezaji anacho. Lazima aamue mgeni atakapotua, atakachokiona kwanza, na kitakachofichwa nyuma ya mwamba mpaka ageuke. Uamuzi wa mwisho ndio usimulizi. Mpangilio wa kufichua na kuficha ndio unaotofautisha masimulizi na orodha ya matukio, na hapa unatekelezwa kwa njia, kona na mwanga badala ya sentensi. Hivyo dai kwamba hakuna maneno ni kweli, lakini halikati kesi. Linamtaka mhakiki ajifunze kusoma mandhari, stadi ambayo wahakiki wa tamthilia wanayo tangu zamani. Jukwaa nalo husema kabla ya mhusika kufungua kinywa.

Hata hivyo, malimwengu mengi ya mashabiki ni dhaifu, na wanaoyasifu yote bila kubagua wanayadhuru zaidi kuliko wanaoyabeza. Hadithi ya Myst yenyewe inatoa kipimo. Katika The Book of Atrus (1995), riwaya ya ndugu wa Miller na David Wingrove, yumo Gehn, anayejidai muumba wa malimwengu. Mbinu yake ni kunakili vifungu kutoka vitabu vya kale na kuvishona pamoja pasipo kuelewa kwa nini vilikaa vilivyokaa. Malimwengu yake hupasuka na kuporomoka. Atrus, mwanawe, huandika kwa kuelewa, wala hakubali kwamba kuandika ni kuumba. Kwake ni kufikia kilichokuwapo. Katika malimwengu ya mashabiki Gehn ni wengi. Wenzo umewekwa kwa sababu Myst ilikuwa na wenzo. Maktaba ina nguzo kwa sababu maktaba ile ilikuwa nazo. Fumbo linafungua mlango usioficha kitu. Vifungu vyote vipo, sarufi haipo.

Aliye mfuasi wa Atrus hutambulika kwa jambo moja: kila kifaa katika ulimwengu wake kina aliyekihitaji. Gurudumu linavuta maji kwa sababu pale paliishi watu waliokosa maji, na mgeni akilizungusha amejua habari yao. Huo ndio usomaji makini wa Myst, na huenda ukapita makala nyingi zilizoandikwa juu yake, maana mjenzi hawezi kuficha asichokielewa nyuma ya istilahi. Hata dhihaka huweza kuwa usomaji. Pyst, mzaha uliotolewa 1996, uliionyesha Myst ikiwa imejaa takataka na uchakavu ulioachwa na wageni wasiohesabika. Kwa kicheko hicho mwigo uliukumbusha umma kwamba upweke wa kisiwa kile ulikuwa hila ya kisanaa: kila mgeni aliambiwa yu peke yake.

Basi inapokataliwa tasnifu juu ya kazi hizi kwa hoja kwamba si asilia, kinachokataliwa si mchezo. Ni kanuni iliyomruhusu Sayyid Abdallah kushika kalamu. Tasnifu hiyo na ikataliwe, ikibidi, kwa sababu nyingine zenye mashiko: mtahiniwa hakueleza alitembelea toleo lipi la ulimwengu husika, wala tarehe, ilhali mjenzi huweza kuhamisha mlango usiku mmoja, au alizisoma picha za kazi wala hakuiingia kazi yenyewe. Hizo ni dosari za kiuhakiki, na watahini wanazijua tangu walipoanza kulinganisha miswada ya tenzi.