Babu Alikwenda Vitani, Jina Lake Li Wapi?

Vijana wetu wa pwani wanaotafuta habari za babu zao waliokuwa askari wa Keya au wapagazi wa Kariakoo wanafanya jambo jema, nami nawaunga mkono. Ila naona wengi wao waanzia mwisho. Mtu hajamwuliza shangazi yake jina la baba wa babu, na tayari amekwisha andika barua London. Jibu likija, laja na akina Juma bin Ali chungu nzima. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Amchagua yule ampendezaye zaidi, aliyepata medali, akamtia katika fremu na kumtundika ukutani. Tangu siku hiyo mtu baki amekuwa babu, na wajukuu wamwombea rehema mtu wa ukoo mwingine.

Kwetu sisi hilo si dogo. Sura ya Al-Ahzab yatuamuru tuwaite watu kwa baba zao. Kumzulia mtu nasaba ni dhambi hata kama nia ni njema, na karatasi yenye mhuri wa serikali haiondoi dhambi hiyo.

Hebu tutazame kwa nini karatasi zenyewe hazitoshi. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Wavell aliandikisha Mombasa kikosi cha Waarabu, kikapigana na Wajerumani huko Gazi. Wavell aliuawa Mwele, katika nchi ya Kwale, mwezi wa Januari 1916. Huyu bwana twamjua vizuri. Twajua kwamba alikuwa binamu wa Wavell yule aliyekuja kuwa mtawala wa India. Twajua kuwa mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari, na mwaka 1912 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Alifuatana na Mswahili wa Mombasa, jina lake Masaudi. Masaudi bin nani? Wa mtaa gani? Msomaji wa kitabu hubaki na jina moja tu, utadhani mtu huyo alizaliwa bila baba. Na huyo alikuwa sahibu yake wa safari ndefu! Basi fikirini yule mpagazi aliyesimamishwa mbele ya karani pamoja na wenzake mia, jua kali, karani ana haraka.

Karani yule aliandika alivyosikia. Khamisi akawa Amisi, Athmani akawa Asumani, na Mwinyi, ambalo ni lakabu ya heshima, likageuka kuwa jina la mtu. Wengine walijiandikisha kwa majina ya utani. Wengine walitaja jina ambalo nyumbani hakuna aliyelijua, kwa sababu walikuwa wametoroka. Leo mjukuu aambiwa atafute kwa jina la ukoo, kama atafutavyo mtu wa Manchester. Babu yake hakuwa na jina la ukoo kwa namna hiyo. Alikuwa na baba, na babu, na mtaa, na pengine kisima alichozaliwa karibu nacho.

Wapagazi ndio walioonewa zaidi. Neno Kariakoo lenyewe ni Kiingereza kilichopita katika vinywa vya babu zetu, nalo limebaki sokoni Dar es Salaam na mtaani Nairobi, lakini watu wenyewe hawakubaki. Mwezi wa Aprili 1921 ungekuwa wakati mwafaka wa kuuliza. Swali likajibiwa Aprili 2021, miaka mia baadaye, pale tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti na kukiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Sanamu za askari wetu zimesimama Nairobi, zimesimama Mwembe Tayari, zimesimama Dar es Salaam. Maneno yaliyowekwa chini yake yalitungwa na Kipling, nayo yaahidi kwamba wana watakumbuka majina ya baba zao. Majina yenyewe hayakuchongwa. Kazi ya kukumbuka waliachiwa wana, na gharama ya jiwe ikaokolewa.

Tena si fahari tu iliyopotea. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa kuwa haikujulikana mrithi ni nani. Na mke je? Mwanamke aliyeletewa habari ya kifo hukaa eda miezi 4 na siku 10. Asiyeletewa habari aanze kuhesabu lini? Mirathi yagawanywaje, naye bwana hajulikani yu hai au amekufa? Maswali hayo yalifika kwa makadhi. Ndiyo maana nasema anayetafuta babu aliyepotea Kariakoo asipuuze madaftari ya kadhi, ya ndoa na ya mirathi. Karani wa kadhi alikuwa akijua thamani ya neno bin.

Wanavyuoni wa hadithi waliukabili mkanganyiko huu kabla ya jeshi lolote la Kiingereza kuzaliwa. Walikuwa na wapokezi wawili, watatu, wenye jina moja na baba wa jina moja. Hawakubahatisha. Waliuliza babu ni nani, kuniya yake ni ipi, mji wake ni upi, alisoma kwa nani, alikufa lini. Mpaka wapambanue, riwaya yake iliwekwa kando. Kijana aliyekaa chuoni kwa mwalimu wake amekwisha kuusikia mwendo huo. Yataka autumie tu.

Basi aanzie nyumbani. Kuna sanduku la bibi, na ndani yake barua za hati za Kiarabu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma na kwa hiyo wadhani ni dua. Zisomwe! Kuna medali. Zile za vita vya kwanza zilipigwa ukingoni nambari, cheo, jina na kikosi. Izungushe taratibu penye mwanga. Nyingi za vita vya pili hazina jina, hivyo aliye na nyota ya shaba tupu asikate tamaa wala asiamini kila aambiwalo na wachuuzi wa vikale. Nambari ya jeshi ni bora kuliko jina, maana nambari haina matamshi. Baada ya hayo ndipo aende Nairobi kwenye nyumba ya kumbukumbu za taifa, Moi Avenue, atazame majalada ya mkoa wa Pwani, na ndipo aandikie London.

Kwa waliokufa vita vya pili kazi ni nyepesi kidogo. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwezi wa Februari 1944, na tarehe 12 manowari ya Kijapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu wapatao 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Wanajeshi hao wameandikwa majina katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Waliokufa baharini wana pa kusomwa, na wa Kariakoo waliozikwa nchi kavu hawana.

Lipo neno moja ambalo watu hulinong'ona. Karatasi ya jeshi ina safu ya kabila. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka saba tu kabla ya vita, na baadhi ya walioandikishwa walikuwa wametoka huko. Mjukuu aliyelelewa kwa shajara ndefu ya Hadhramaut aweza kufungua jalada akakuta babu yake ameandikwa Mnyasa. Najua familia zitakazochagua kulifunga jalada hilo. Mimi nasema lifunguliwe. Yule mzee alibeba sanduku la risasi kutoka Voi hadi Taveta, asibebeshwe na aibu ya wajukuu.

Bibi mwenye miaka 90 hivi leo alizaliwa baada ya vita vile. Aliyonayo aliyapokea kwa mama yake. Akaulizwe wiki hii, na jibu liandikwe kwa jina la baba, la babu, na la mtaa.