Goroli Isiyo na Uzito
Wadaio kwamba pinboli, mchezo wa goroli ya chuma kwenye ubao ulioinama, imehifadhiwa ndani ya kompyuta, wamehifadhi ganda. Itazamwe The Addams Family, mashine ya Marekani ya mwaka 1992. Programu yake huigwa bila kosa. Taa na sauti hutii. Goroli haitii: huyumbishwa na sumaku zilizofichwa chini ya ubao, hupunguzwa mwendo na vumbi. Mchezaji naye huisukuma mashine kwa nyonga, akichelea timazi iliyomo ndani. Ikigusa pete yake kupita maonyo, goroli inayochezwa hupotea. Kwenye kioo cha kompyuta msukumo huo umekuwa kitufe! Tena mwaka 2018 leseni ilimalizika, na nakala za mashine za Bally na Williams zikaondolewa katika duka la The Pinball Arcade. Zile za mbao ziliendelea kuchezwa.