Uziwi wa ukoo si uchawi: wahini hospitali masikio yangali yanasikia



Ndugu msomaji, wazee wa Ufipa wanatueleza kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mji umebeba jina hilo, lakini baadhi ya nyumba zetu bado hazijautupa. Kijana akianza kuwa kiziwi, na mama yake au kaka yake alipatwa na hali hiyo kabla yake, swali la kwanza huwa ni nani aliyeuroga ukoo. Bibi mjane hunyooshewa kidole, undugu huvunjika, na pesa huishia kwa mpiga ramli, ambaye kumwendea ni haramu.

Ni kweli kuwa uziwi mwingi tunaouona husababishwa na usaha masikioni, nta iliyoziba au homa ya uti wa mgongo. Lakini upo ugonjwa wa nadra wa kurithi uitwao nyurofibromatosisi aina ya pili, kwa kifupi NF2. Jeni moja iliyo katika kromosomu ya 22, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisiote kupita kiasi, huwa na hitilafu. Uvimbe huota kwenye mishipa ya fahamu ya kusikia, kwa kawaida pande zote mbili. Si saratani, lakini hubana mshipa, na ukikua hukandamiza ubongo. Kila mtoto wa mzazi mwenye NF2 ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Karibu nusu ya wagonjwa hawakuurithi kwa yeyote, hitilafu imeanzia kwao. Bibi hana kosa.

Dalili mara nyingi huanza ujanani: masikio kuvuma, kuhamisha simu sikio hili hadi lile, kuyumba gizani. Kijana haisikii adhana, nasi tunamwita mvivu wa swala.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa upasuaji au mionzi, na mara nyingi mgonjwa aliondoka na uziwi. Mwaka 2009 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya dawa iitwayo bevasizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani. Uvimbe hutoa kemikali ya kuita mishipa ya damu iulishe, na dawa hii huizuia kemikali hiyo. Kati ya wagonjwa 10, uvimbe ulipungua kwa 9, na kati ya 7 waliofaa kupimwa maendeleo ya usikivu, 4 walisikia vizuri zaidi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya dawa nyingine, ya vidonge, iitwayo brigatinibu.

Hata hivyo tusidanganyane. Bevasizumabu hutolewa kwa dripu, tena na tena, na ikiachwa uvimbe unaweza kukua upya. Hupandisha shinikizo la damu, huweza kudhuru figo, na kwa akina mama huweza kuvuruga hedhi. Ni ghali. Na jambo kubwa kuliko yote: hulinda usikivu uliobaki, haiufufui mshipa uliokwisha kufa.

Ndiyo maana nasema kuchelewa ndiko kunakotuletea uziwi. Mwenye dalili hizi aende hospitali ya rufaa ya mkoa apimwe usikivu, aombe rufaa ya Mbeya, na ikibidi Muhimbili, kwa kipimo cha MRI. Ikithibitika ni NF2, ndugu zake na watoto wake wapimwe pia, hata wasio na dalili. Uvimbe ukijulikana mapema, hata pale dawa isipopatikana, daktari hupata nafasi ya kuufuatilia na kuchagua wakati wa upasuaji.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Basi kamati za misikiti zitenge sehemu ya sadaka kwa nauli na vipimo vya wagonjwa wa namna hii. Fedha ya mganga wa ramli inatosha kumfikisha kijana Mbeya. Na aliyemtuhumu jamaa yake kwa uchawi amwendee, amwombe radhi kabla hawajatenganishwa na mauti.

Wabillahi tawfiq.