Mshukiwa wa kwanza asiwe mvuka mpaka

Nyumba ikiibiwa Gihosha, mtu wa kwanza kuulizwa ni zamu. Yeye ndiye aliyekesha getini, yeye ndiye aliyetoka kijijini, na aghalabu hakuna anayejua jina la baba yake. Wa pili ni mfanyakazi wa ndani. Wa tatu ni mama aliyepita mchana na beseni la ndagala, au kijana wa makaa, au mgeni aliyepanga chumba huko chini na ambaye Kirundi chake kina lafudhi ya Kiha. Polisi hawajafika, na mtaa umekwisha kuhukumu. Kila mtaa una orodha yake ya namna hiyo. Anayetaka kujua jinsi mtaa unavyojiona, asihangaike na hotuba za sikukuu. Aisome orodha hiyo.

Waandishi wa riwaya za upelelezi wanaishi kwa orodha hiyo hiyo. Ndiyo maana gazeti hili, ambalo kwa kawaida huandika juu ya ushuru, bei ya vitenge na saa za kufunga mpaka, leo linaandika juu ya vitabu vya mauaji. Wasomaji wetu wamo katika vitabu hivyo, na mara nyingi hawamo upande ambao wangependa kuwamo.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa riwaya hizi kuliko wengi wanavyojua. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi kule Unguja, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, na aliyesoma habari za Sherlock Holmes wa Waingereza atatambua mara moja mkopo umetoka duka gani. Lakini mkopo huo haukumfanya Bwana Msa kuwa Mwingereza. Si polisi, hana cheo, na anaingia majumbani kwa heshima na mazungumzo. Watu wanasema mizimu imeua. Yeye anautafuta mkono wa mtu. Na katika vitabu vyake vingi ufunguo wa fumbo ni nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani bila ndugu kujua, nani amelelewa na wasio wazazi wake. Hadithi hizo zilianza kusomwa katika kisiwa chenye watu wa bara, Waarabu, Wahindi na Wangazija, ambamo siasa za asili zilimwaga damu mwaka 1961 na tena mwaka 1964. Bwana Msa hapigi siasa. Anachoonyesha tu ni kwamba ukichimba ukoo wa mtu yeyote, utamkuta ndani yake mtu usiyemtarajia.

Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Katika nchi hii swali la "baba yako ni nani" limeua watu wengi kuliko riwaya zote za dunia zikiwekwa pamoja.

Upande wa Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla alipochapisha Simu ya Kifo mwaka 1965, nchi ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu, na Inspekta Wingo, Mwafrika mwenye cheo cha polisi, alikuwa yeye mwenyewe ni habari njema. Kisha akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Gamba ni mtoto wa mji huo wa wakati huo: katika Kufa na Kupona nyaraka za wapigania uhuru zinaibwa na msako unampeleka Nairobi; katika Kikosi cha Kisasi kazi inampeleka Kinshasa. Ni Mtanzania anayelipigania bara zima, na adui yake mkubwa ni kaburu wa kusini na vibaraka wake. Tunavipenda vitabu hivi. Hata hivyo hatukumbuki ukurasa hata mmoja ambamo Willy Gamba anasimama foleni na mizigo kichwani, au anadaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, au anaambiwa arudi kesho kwa sababu mwenye muhuri amekwenda kula. Kwa jasusi mpaka ni mstari kwenye ramani. Msomaji wetu anaujua kama benchi la mbao ambalo amelikalia tangu alfajiri.

Jambo hili lina kinaya chake, kwa kuwa Musiba mwenyewe alikuwa mtu wa biashara, aliyekuja kukiongoza Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima cha Tanzania. Ben Mtobwa, aliyemuumba Joram Kiango, alikuwa mtu wa Kigoma, mkoa ambao wengi wenu mnaufahamu kuliko makao makuu ya nchi zenu wenyewe. Waandishi wawili waliokuwa na kila sababu ya kumjua mchuuzi wa mpakani.

Kwa nini basi mchuuzi huyo hapewi nafasi ya maana? Jibu moja limo katika historia. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliendesha msako mkubwa dhidi ya waliotwa wahujumu uchumi. Sukari, sabuni na vitambaa vilitafutwa chini ya vitanda, na sheria maalumu ikatungwa kwa ajili hiyo. Bidhaa zilikuwa haba kweli, na walikuwapo waliozificha kweli. Lakini katika hadithi nyingi za bei nafuu za miaka ile mlanguzi na mfanya magendo wakawa wabaya walio tayari, kama nguo iliyokwisha shonwa: mwandishi akiishiwa, anamvalisha mtu shati la bei, anampa gari na rafiki ng'ambo ya mpaka, na msomaji anajua nani ameua. Taifa lilijijua kwa kumjua adui wake, na adui alikuwa mtu mwenye mzigo.

Kwetu Burundi tumefanya kitu kinachofanana na hicho bila kuhitaji riwaya. Kwa miaka mingi neno "Umuswahili" halikuwa na maana ya mtu anayesema Kiswahili tu. Lilikuwa na maana ya mjanja, mtu wa Buyenzi, mtu wa biashara asiye na kilima cha kwao, mtu wa kuangaliwa mkono anapohesabu faranga. Wakoloni Wabelgiji waliwatenga Waswahili katika mitaa yao, na sisi tukaurithi mtaa pamoja na tuhuma. Leo Kiswahili kinafundishwa katika shule za msingi na viongozi wanakisifu kila tarehe 7 Julai. Hata hivyo mwulize mwanamke anayerudi Gatumba kutoka Uvira na vitenge, ni mara ngapi lugha anayojibia maswali imehesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Ukitafuta Burundi kitabu kilicholigusa jambo hili kwa undani, kitabu hicho si cha upelelezi hasa, na hakikuandikwa kwa Kiswahili. Ni Baho! cha Roland Rugero, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2012. Kijana bubu, Nyamuragi, anamwuliza msichana kwa ishara mahali pa kujisaidia. Msichana anaielewa ishara vibaya, anapiga kelele, na kilima kizima kinakimbilia kumwadhibu mbakaji ambaye hakubaka. Hakuna kachero hapo. Kosa lenyewe halikutendeka. Kuna mshukiwa tu, na umati, na mtu asiye na ulimi wa kujitetea. Anayevuka mpaka huku hajui lugha ya afisa anaijua hofu ya Nyamuragi hata kama hajasikia jina lake. Na tuone jambo la ajabu: mila yetu ya ubushingantahe ilijengwa kuzuia hasa kitu hicho. Mushingantahe husikiliza hadharani, pande zote mbili, na hatoi neno kabla ya wote kusema. Bwana Msa angekaa naye vizuri sana kwenye mkeka mmoja. Jambo linalotusikitisha ni kwamba hatujamwona mushingantahe akiongoza hadithi ya uchunguzi kwa Kiswahili, wakati nchi imejaa mambo yanayohitaji kuchunguzwa.

Mengine ni makubwa kuliko riwaya. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja mkoani Karusi na kutangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nguo, miwani na rozari zilitumika katika kujaribu kuwatambua baadhi yao. Riwaya ya upelelezi hufungwa pale muuaji anapotajwa. Hapa hata jina la aliyeuawa bado linatafutwa. Hatudai mtunzi achukue kazi ya Tume. Tunasema kwamba watu waliozoea kusoma hadithi ambamo ushahidi hupimwa kabla ya mtu kutajwa watakuwa wagumu kidogo kukubali tetesi. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, watu walipoteza mitaji ya maisha yao asubuhi moja, na kabla majivu hayajapoa kila kijiwe kilikuwa na mshukiwa wake, kwa kawaida mtu wa kundi jingine. Wachache waliuliza ni nini hasa kilichoonekana, na nani aliyekiona.

Tutaambiwa kwamba tunawatetea wavunja sheria. Hapana. Madumu ya petroli yanavuka usiku, kila mtu anajua, na katika miaka hii ya foleni za mafuta yako majina makubwa nyuma ya madumu hayo. Hiyo ni hadithi nzuri mno, na tungependa kuiona imeandikwa. Lakini iandikwe na mtu anayejua tofauti kati ya mwenye lori ishirini zisizokaguliwa na mama mwenye mzigo usiofika dola 2,000 za Marekani, ambaye chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ana haki ya kupata cheti cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Mwandishi asiyeijua tofauti hiyo atamkamata mama. Na afisa kijana aliyekulia hadithi hizo naye atamkamata mama, akidhani anailinda nchi.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2007, na Kongo tangu 2022. Huku kuna wasomaji, na vitabu vyenu vinatufikia kwa bahati, ndani ya begi la mtu. Waandishi wetu wa hapa, wengi wenu mkiandika kwa Kifaransa kwa sababu zinazoeleweka, jaribuni Kiswahili katika aina hii hasa. Kimezoea gereji, soko, bandari na kituo cha polisi, na hakitawaomba ruhusa kuingia Buyenzi. Mpelelezi wenu anaweza kuwa mwanamke auzaye mawese kati ya Rumonge na Kigoma: anajua nani anadaiwa na nani, anazijua lugha nne, na hakuna anayenyamaza akimwona anapita, kwa kuwa hakuna anayemhesabu kuwa mtu wa kusikia.

Nanyi mnaokwenda Kariakoo wiki hii, wauza vitabu vya mitumba hutandika bidhaa zao chini, pembeni mwa barabara. Musiba na Mtobwa wanapatikana humo kwa anayechambua kwa subira. Kitabu kimoja kinaingia katikati ya marobota bila kuongeza uzito, na kutoka Kobero hadi hapa kuna muda wa kutosha kukisoma nusu.