Sikio la Kusikia Linahitaji Utulivu

Ndugu msomaji, sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali ya kumkanya mkaidi. Leo naomba tuitafakari upya, maana darasani ni rahisi mno kumwita mkaidi mtoto ambaye hakuisikia amri yenyewe.

Eneo letu la West Nile limo katika ukanda wa Afrika unaokumbwa mara kwa mara na homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo huwaachia uziwi baadhi ya watoto wanaonusurika. Mtoto wa namna hiyo aweza kusaidiwa na kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachonasa sauti kwa maikrofoni iliyo nje, kisha kikausisimua mshipa wa usikivu kwa umeme. Ni tiba ghali, na familia chache mno hapa Arua au Koboko zinaweza kuigharimia. Hata hao wachache huambiwa na majirani: kifaa kimewashwa, basi tatizo limekwisha. La hasha!

Sikio lenye afya lina chembe zipatazo 3,500 za kuupelekea ubongo sauti. Kipandikizi hufanya kazi hiyo kwa elektrodi 12 hadi 24 tu. Mahali patulivu, ubongo wa mtoto hujifunza kuziba mapengo. Penye kelele, sauti ya mwalimu na gumzo la wenzake huchanganyika, naye hawezi kuzitenganisha. Isitoshe, kifaa hiki ni dhaifu katika kufikisha kupanda na kushuka kwa sauti. Kwetu jambo hilo ni zito, kwani Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni: neno hubadilika maana kwa toni peke yake. Nazo ndizo lugha za kufundishia katika madarasa ya kwanza.

Sasa tazama madarasa yetu. Paa ni bati lisilo na dari, kuta na sakafu ni saruji inayorudisha mwangwi, madirisha hayana vioo, pikipiki zapita barabarani, na wanafunzi wamebanana. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35, takribani utulivu wa maktaba. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata mwenye masikio mazima haambulii kitu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya elimu katika Ibara ya 30, na katika Ibara ya 35 inatambua haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao. Nauliza: mtoto aliyeketi darasani asisikie neno, amepewa elimu au amepewa dawati?

Utaniambia kwamba hata madawati hayatoshi, fedha za utulivu zitoke wapi? Hoja hiyo ina uzito, lakini mengi hayadai fedha. Mtoto huyo aketi mbele, mbali na dirisha. Mwalimu asizungumze akiukabili ubao, kwa kuwa midomo yake nayo ni kitabu. Wanafunzi wazungumze mmoja mmoja, na swali la aliye nyuma lirudiwe. Mvua ikianza, somo ligeuzwe kuwa la kuandika. Dari, ambayo inadai fedha, iingizwe katika mpango wa ujenzi tangu mwanzo.

Wala faida si ya mtoto mmoja. Wako wenye masikio yanayotoka usaha, na wako watoto wakimbizi kutoka Sudan Kusini wanaosomeshwa kwa lugha ngeni. Wote hupotea katika kelele hizohizo. Na kwa viziwi wasio na kipandikizi, utulivu hautoshi: Katiba hiyohiyo inaitaka dola ikuze lugha ya ishara, na deni hilo lingali palepale.

Basi, ndugu msomaji, katika mkutano ujao wa wazazi simama uulize: nani katika shule hii hasikii vizuri, anaketi wapi, na darasa lake lina dari? Kabla hatujalilaumu sikio la mtoto, tuhakikishe kwanza kwamba dawa imelifikia.